Hakupigwa, Lakini Alilemaa

Somo: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, 2 Samweli 19:24-30

Hili ni somo nililofundisha Jumapili katika ibada ya pili, na kwa sababu muda ulitubana, hapa nimeongeza yale ambayo hatukuyafikia. Chukua Biblia yako usome hizo sura tatu kwanza. Usinisikilize mimi tu, soma mwenyewe.

Kuna mstari katika 2 Samweli ambao wengi wetu huupita mbio. Ni sura ya 4, mstari wa 4. Katikati ya habari za vita na wakuu wa majeshi kuuana, mwandishi anasimama ghafla kutuambia habari za mtoto mmoja. Yonathani mwana wa Sauli alikuwa na mtoto wa kiume. Mtoto huyu alikuwa na miaka mitano siku habari zilipokuja kutoka Yezreeli kwamba babu yake na baba yake wamekufa vitani. Yaya wake akambeba akakimbia. Katika ile haraka mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Jina lake Mefiboshethi. Halafu mwandishi anarudi kwa mambo ya wakubwa kana kwamba hakuna kilichotokea, na hatumwoni tena huyu mtoto mpaka sura ya 9, akiwa mtu mzima.

Nataka ushike jambo moja hapa. Mefiboshethi hakuwa vitani. Hakuna Mfilisti aliyemgusa. Mkuki haukumfikia, upanga haukumfikia, na aliyemwangusha alikuwa anajaribu kumwokoa. Lakini vita vya watu wazima vilimfuata palepale nyumbani vikamwachia kilema cha maisha.

Sasa wacha niseme jambo ambalo hatulizungumzii sana madhabahuni. Katika kanisa hili kuna watu wazima, wengine wana miaka hamsini, wengine wanaongoza idara, waliokulia katika nyumba ya vita. Baba akimpiga mama. Kwingine mama akimpiga baba, hiyo pia iko, tusijifanye. Ukiwauliza wanasema, "Mimi sikupigwa. Ni mama aliyepigwa." Na kwa sababu hawakupigwa, wanaona hawana haki ya kuwa na kidonda.

Lakini mwangalie mtu huyu kwa karibu. Simu ikiita usiku, moyo unaruka kabla hajajua ni nani anayepiga. Bosi akimwambia "nataka kukuona," chakula cha mchana hakipiti. Mume akiingia nyumbani kimya kwa sababu tu amechoka, yeye tayari amepitia kichwani kila alichofanya tangu asubuhi akitafuta kosa ni lipi. Anaomba msamaha kwa vitu ambavyo si vyake. Anakagua mlango mara tatu kabla ya kulala, na akilala, halali. Ukimuuliza shida ni nini atakuambia, "Sijui. Ni wasiwasi tu." Ameenda kupima presha, ameenda kupima vidonda vya tumbo, ameombewa roho ya hofu kwenye kesha mara nne, na kila mara anarudi nyumbani akijiuliza kama imani yake ni bandia.

Dada mmoja, ambaye ameniruhusu kulisema hili bila kumtaja, aliniambia kwamba kila Jumapili hukaa karibu na mlango. Si kwamba anachelewa. Ni kwamba mhubiri akipaza sauti na spika zikinguruma, mwili wake haujui tofauti kati ya mtumishi anayehubiri kwa moto na baba anayeingia saa tano usiku. Kwa akili anajua hakuna hatari. Mwili haujui. Sisi wahubiri wa Kipentekoste tuna sauti, na sidhani tutaiacha leo wala kesho. Lakini ukijua kuna mtu kama huyo ibadani, utafikiri mara mbili kabla ya kuwaita wanaokaa nyuma baridi.

Mbona mwili haujui? Mungu alipotuumba aliweka ndani ya ubongo kengele ya hatari. Kuna sehemu ndogo inayoitwa amigdala, umbo lake kama lozi, na sehemu ya kazi yake ni kuitambua hatari upesi kabla hujafikiri. Ukiona nyoka njiani unaruka kwanza, unafikiri baadaye. Homoni kama adrenalini zinamwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, tumbo linakaza. Hiyo ni neema ya Mungu. Bila kengele hiyo tusingefika umri huu. Na nyoka akienda zake, kengele inatulia, unaendelea na safari.

Lakini je, mtoto ambaye nyoka wake anaishi ndani ya nyumba? Huyo atakimbilia wapi? Anayemtisha ndiye anayemlipia karo. Anayepigwa ndiye angekimbilia kwake. Basi kengele ya mtoto huyu inajifunza kutolala. Anajifunza kusoma nyayo. Anajua tofauti ya geti kufungwa na mtu aliye sawa na geti kufungwa na mtu aliyekunywa. Anajua ni kimya gani cha kawaida na ni kimya gani cha kabla ya mvua ya mawe. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wenyewe umesoma, na umesoma vizuri, kwa sababu kusoma huko ndiko kulikomfanya awahi kumtoa mdogo wake sebuleni.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, wakiongozwa na Eamon McCrory, walichunguza ubongo wa watoto 43 kwa mashine inayoonyesha ni sehemu gani inafanya kazi. Watoto 20 kati yao walitoka katika nyumba zenye vurugu. Waliwaonyesha picha za nyuso: zingine za huzuni, zingine za utulivu, zingine za hasira. Kwa wale 20, uso wenye hasira uliamsha amigdala na sehemu nyingine iitwayo insula kuliko kwa watoto wengine. Watafiti hao walisema ni mfano uleule ambao umeonekana kwa wanajeshi waliotoka vitani. Na hawa hawakuwa watoto waliolazwa kwa ugonjwa wa akili. Walikuwa wanaonekana sawa, kama watoto wetu wa Sunday School wanavyoonekana sawa.

Sikuleta utafiti huu ili tuache Biblia tushike sayansi. Nimeuleta kwa sababu Biblia ilishasema. Mtoto wa miaka mitano alilemazwa na vita ambavyo hakupigana.

Kuna mwingine wa mwaka 1998, wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda kule San Diego, Marekani. Waliuliza watu wazima zaidi ya 9,500 mambo waliyoyapitia wakiwa watoto, na moja ya maswali ilikuwa kama waliona mama akipigwa. Waliona kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhara utotoni, ndivyo alivyokuwa katika hatari zaidi ukubwani: huzuni nzito, ulevi, kujaribu kujiua, hata magonjwa ya moyo. Tafiti zilizofuata zimeonyesha hivyohivyo kuhusu wasiwasi wa kupita kiasi. Hatari si hukumu, tafadhali. Wako wengi waliokulia humo na wako salama, na wengi hawakuwa wapigaji. Lakini tusimwambie mtu "sahau ya kale" kama kwamba ya kale yako kwenye albamu ya picha. Mengine yako kwenye mapigo ya moyo.

Mimi nayajua haya kwa kusoma, na nayajua pia bila kusoma. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Kwenye ploti tuliyokaa alipendwa sana, mtu wa utani, na akitoka safari alikuwa akigawa machungwa mlango kwa mlango. Mlango wetu ukifungwa alikuwa mtu mwingine. Mimi na dada yangu tulijua sauti ya breki za lori likisimama pale barabarani, kisha kikohozi, kisha funguo. Funguo zikiingia mara moja, usiku huo ni salama. Zikitafuta tundu, dada yangu alikuwa anazima taa ya chumbani na kunifunika kichwa na blanketi, halafu ananiimbia masikioni ili nisisikie. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi sikuwahi kupigwa hata kofi moja.

Nilipookoka nilimsamehe baba, na tulizungumza kabla hajaaga dunia. Nilifikiri mambo yamekwisha. Nikiwa na miaka thelathini na minne, nikiwa tayari nahubiri, mke wangu aliangusha kifuniko cha sufuria jikoni usiku na mimi nikajikuta nimesimama katikati ya sebule, jasho linanitoka, mikono baridi, kifua kinabana. Nilidhani ni moyo. Hospitalini wakanipima, wakasema moyo uko sawa. Tabibu aliyekuwa zamu, kijana mdogo tu, akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mzee, ulipokuwa mtoto, nyumbani kulikuwaje usiku?" Miaka yote ile katika wokovu hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nililia pale kwenye kiti kama mtoto, na yeye akaniacha nilie, foleni ikingoja nje.

Turudi kwa Mefiboshethi, sura ya 9. Daudi sasa ni mfalme, anauliza kama kuna yeyote aliyebaki wa nyumba ya Sauli apate kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani. Siba, mtumishi wa zamani wa Sauli, anamwambia yupo mwana wa Yonathani, lakini ni kiwete. Angalia hapo: Siba hasemi jina lake, anasema ugonjwa wake. Kuna watu kanisani tunawajua hivyo. "Yule wa wasiwasi." "Yule mama anayelialia."

Anaishi Lo-debari, katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri. Wahubiri tunakimbilia meza ya mfalme tunamsahau Makiri, na mimi nampenda sana huyu mzee. Kabla ya Daudi kuuliza, kabla ya ikulu kukumbuka, kuna mtu alimpa mlemavu wa ukoo ulioanguka mahali pa kulala. Hakuna muujiza, hakuna unabii, ni kitanda na chakula. Ukisoma 2 Samweli 17:27-29 utamkuta Makiri huyohuyo akimpelekea Daudi vitanda na unga wakati Daudi mwenyewe anakimbia. Ni tabia yake. Kama huna karama ya kuhubiri, uwe Makiri wa mtu.

Mefiboshethi anapofika mbele ya mfalme anaanguka kifudifudi. Anaogopa. Na jamani, alikuwa na sababu. Katika sura ileile ya 4, baba yake mdogo Ishboshethi, mwana wa Sauli, anauawa akiwa amelala kitandani mchana. Hofu ya Mefiboshethi haikuwa ya kubuni. Ilikuwa na ushahidi. Hofu ya mtu aliyekulia kwenye vurugu nayo iko hivyo: zamani ilikuwa ya kweli kabisa. Shida ni kwamba sasa yuko mbele ya mfalme mwema, na mwili bado unaishi mwaka ule.

Daudi anamwambia asiogope. Wengi tunaishia hapo. Tunamwambia mtu "usiogope," tunamwekea mkono kichwani, tunaita anayefuata. Lakini soma Daudi alifanya nini baada ya hilo neno. Anampa sababu: ni kwa ajili ya baba yako Yonathani. Anamrudishia mashamba ya babu yake. Anampa watu wa kuyalima, Siba na wanawe kumi na watano na watumishi ishirini. Anampa nafasi mezani, si siku moja ya sherehe, bali siku zote. "Usiogope" ya Daudi ilikuja na shamba, na wafanyakazi, na sahani kila siku. Hofu ya miaka ishirini haitolewi na neno moja la dakika mbili. Inatolewa polepole na meza ambayo kila ukija, iko, na hakuna anayepiga mtu hapo.

Halafu sura inafungwa kwa maneno ambayo ningekuwa mimi mwandishi ningeyaacha. Baada ya meza na mashamba yote hayo, anatukumbusha kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Neema kamili, miguu ileile. Namwamini Mungu anayeponya. Nimeona kwa macho yangu, na tutaendelea kuomba. Lakini Neno halimwonei haya mtu aliyekaa mezani pa mfalme na miguu ambayo haijapona. Kwa nini sisi tumwonee haya?

Na kuna jambo lingine. Miaka baadaye Absalomu anapindua serikali, mji unatikisika, watu wanakimbia. Mefiboshethi anaachwa nyuma. Katika sura ya 19 anamweleza mfalme kwamba alitaka kutandikiwa punda aende naye, lakini mtumishi wake alimdanganya, naye ni kiwete. Umeona? Miaka yote mezani alikuwa sawa. Siku ya msukosuko, kilema kikarudi kuwa habari. Ndivyo wasiwasi ulivyo. Mtu anaweza kukaa miaka mitano vizuri, halafu afiwe, au apoteze kazi, au mtoto wake afikishe umri ule aliokuwa nao yeye wakati wa vita nyumbani, na usiku unaanza upya. Usimwambie, "Si uliombewa?" Daudi mwenyewe alimwamini Siba haraka akampa mali ya Mefiboshethi kabla ya kusikia upande wake. Msikilize mtu kwanza.

Sasa, msaada. Kuna ndugu huniuliza kama kwenda kwa mshauri nasaha au kumeza dawa ya wasiwasi ni kukosa imani, nao hunisomea 2 Timotheo 1:7. Nawaambia wasome barua zote mbili. Timotheo ambaye Paulo anamkumbusha habari ya roho ya woga ndiye huyohuyo ambaye Paulo anakumbuka machozi yake, na ndiye ambaye katika 1 Timotheo 5:23 anaambiwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomsumbua mara kwa mara. (Msikimbie na huo mstari mahali pengine, tafadhali. Wakati ule divai ilikuwa dawa.) Paulo hakumwambia tumbo ni dhambi. Alimwombea usiku na mchana, na akamwandikia dawa.

Kwa hiyo nenda hospitali, useme ukweli wote, si presha tu. Mshauri aliyefundishwa atakusaidia kuufundisha mwili somo jipya: kutambua ni nini kinachopiga kengele, kuikaribia hofu kidogo kidogo, kutenganisha jana na leo. Kama daktari amekupa dawa, usiiache kwa sababu umepata ushindi kwenye kesha. Rudi kwa daktari umwambie unavyojisikia, yeye ndiye atakayeipunguza. Na kengele ikilia uko kwenye matatu ama ofisini, jambo dogo ambalo lilinisaidia mimi: vuta pumzi taratibu, halafu itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoka huuambia moyo upunguze mwendo. Kisha taja kwa sauti ndogo vitu unavyoviona. Kiti. Dirisha. Mtu mwenye kofia. Niko hapa, si kule. Mimi huongeza jina la Yesu, na hakuna mshauri aliyenikataza.

Kuna wanaosema tukizungumza haya tunawavunjia heshima wazazi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikusema tudanganye. Biblia imeandika wazi ulevi wa Nuhu na dhambi ya Daudi, na bado tunawaheshimu. Unaweza kumsamehe baba, ukamjengea nyumba, ukamzika kwa heshima, na bado ukamwambia daktari kilichotokea. Na kusamehe si kumpelekea mtoto wako alale kwa mtu ambaye bado anapiga.

Lazima niseme neno kuhusu yule yaya. Mtoto alianguka mikononi mwake. Nadhani aliishi na hilo. Lakini bila yeye kukimbia huenda mtoto angekufa. Akina mama wengi hapa wanajilaumu: "Ningetoka mapema." "Ningevumilia." "Nilitoka na watoto wakakosa baba." Mama, ulikuwa unakimbia umebeba mtoto. Aliyeanzisha vita si wewe. Na wewe ambaye una hasira na mama yako kwa sababu hakuondoka, jaribu kumuuliza siku moja, kwa upole, angeenda wapi na alikuwa na nini mkononi.

Na tusifikirie tunazungumza habari za zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepatwa na ukatili wa kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Hesabu benchi lako Jumapili. Mmoja kwa kila watatu, na wana watoto. Baba unayesoma hili, kama unasema "watoto walikuwa wamelala," hawakuwa wamelala. Wanajua breki za gari lako. Mefiboshethi naye, sura ya 9 mstari wa 12, alikuwa na mtoto mdogo aitwaye Mika. Ndiyo kusema aliyelemazwa utotoni sasa ana mtoto nyumbani kwake. Labda wewe uliyasikia kwa baba yako ukaapa hutakuwa hivyo, na sasa mkono umeanza kuinuka. Njoo. Mlango wa ofisi uko wazi, na utasikilizwa. Lakini usitegemee tukufichie.

Maana kuna ushauri unaotembea makanisani kwamba mke arudi, anyamaze, afunge, Mungu atambadilisha mume, na mambo ya nyumbani yasitoke nje. Wazee wa kanisa hili wamekubaliana kwamba ushauri huo hautatolewa hapa. Mke au mume aliye hatarini, pamoja na watoto, kwanza atafutiwe mahali salama. Mazungumzo ya ndoa yatakuja baadaye, kama yatakuja. Sheria ya nchi ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu aliyeumizwa kuiomba mahakama amri ya kumlinda, hata amri ya kumzuia anayempiga asimkaribie. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia. Simu 1195 ni ya bure kwa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya bure kwa mtoto au yeyote mwenye habari za mtoto, usiku na mchana. Wafundishe watoto hiyo 116 kama wanavyojua Zaburi 23.

Kwa viongozi wa ushirika wa nyumbani: juma hili someni 2 Samweli 9 yote kwa sauti, kisha mzungumze haya. Katika nyumba mliyokulia, mlijuaje kwamba kuna hatari kabla haijafika? Ni nani alikuwa Makiri wako? Daudi alimpa Mefiboshethi nini zaidi ya neno, na ushirika wetu unaweza kumpa nani kitu kama hicho mwezi huu? Usimlazimishe mtu yeyote kujibu swali la kwanza. Akilia, msimzunguke wote kwa mikono na kelele. Mmoja aliye karibu naye akae kando yake, chai iendelee kumiminwa, na mwenye nyumba aache mlango wazi.